Kesho Atapungua

Kesho Marivic anatimiza miaka arobaini na moja.
Saa nne asubuhi, tukiwa chumba cha kufulia,
simu yake ikalia: kwao Iloilo ni saa sita usiku, kesho imeshaingia,
na mwanawe amekesha ili awe wa kwanza.
Sauti ya kijana imekuwa nzito. Alimwacha akilia kama kifaranga.
Akamwimbia. Marivic akacheka, akakata simu,
akaniambia: "Huko nimeshapoteza pointi.
Hapa Manitoba nimebakiwa na saa kumi na nne."

Maana ndivyo mkoa unavyotuhesabu.
Umri una pointi zake, na kila keki huja na kisu.
Kiingereza kina pointi: alikifanyia mtihani mara mbili,
mara ya pili masikio yamezibwa na mafua.
Cheti kina pointi. Miaka ya kazi ina pointi.
Jamaa aliye mkoani ana pointi,
hata awe jamaa wa aina ya binamu yangu Harpinder
wa Winnipeg, ambaye hajanialika chai tangu nitue.
Mimi nilipita mwaka jana kwa pointi zake.
Namshukuru kwa mbali.

Marivic hana binamu.
Kwenye swali la jamaa alijibu Hapana.

Ana Mzee Wasylenko, chumba namba tisa,
ambaye kila asubuhi humwita Stefka.
Stefka alikuwa dada yake. Alizikwa nyuma ya kanisa lenye kuba la kijani
kabla barabara haijatiwa lami.
"Stefka, umewafungia kuku?"
"Nimewafungia."
"Na baba amerudi?"
"Yuko njiani. Inua kidevu."
Siku nyingine humtukana kwa Kiukreni, humrushia kijiko,
kama ndugu wanavyorushiana.
Fomu haina kisanduku cha kijiko.

Babu yake alikuja na shoka na dola kumi, akapimiwa shamba;
hivyo ndivyo mzee anavyosimulia, siku akikumbuka.
Siku asipokumbuka, shamba hulimwa na Stefka peke yake.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.
Marivic jembe alipewa siku ya kwanza,
saa moja kasorobo asubuhi, pamoja na glavu za mpira.
Miaka mitatu analima: migongo, vidonda, mashuka yaliyolowa,
na ule usiku wa baridi ya hasi thelathini na nane
gari lilipogoma, akaja kwa miguu,
kope zimeganda, akauliza kwanza kama chumba namba tisa amekunywa dawa.
Jembe limeota sugu mkononi.
Ugeni bado haujaisha.

Meneja alimwandikia barua, kwamba tunamhitaji sana,
akakosea jina lake.
Ikaandikwa upya. Wiki sita zikaenda na kosa la herufi moja.

Saa kumi na dakika arobaini.
Bintiye mzee anakuja jioni, kwa hiyo mzee ananyolewa.
Marivic ana povu hadi kwenye vifundo vya mikono.
Hapo ndipo simu ilipotetemeka mfukoni mwa aproni.
Mimi niliisikia nikiwa mlangoni. Yeye aliisikia kwa paja.

Huenda ni mkoa.
Huenda ni duka la viatu,
nalo hukumbuka siku ya mtu kuzaliwa, likamtumia punguzo.

"Nikutolee?" nikauliza.
Akatikisa kichwa. Wembe ulikuwa chini ya sikio,
pale ngozi ya mzee ilipo nyembamba kama ganda la kitunguu,
na mshipa unaonekana ukienda zake.

"Stefka," mzee akasema, macho kafumba,
"nani huyo anabisha?"

"Sijui bado," Marivic akasema. "Usisogee."